Vibati Vyeusi na Doti Langu la Kanga

Nalisema mapema asije mtu akanizulia: vibati vile nilivisugua mimi, kwa mkono wangu huu, kwa ndimu, chumvi na majivu, na vikatakata hata ungeweza kujitazamia ukajipaka wanja. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika Sikukuu. Kwangu Sikukuu haiingii ndani shaba ikiwa nyeusi. Bibi yangu alikuwa hivyo, mama yangu alikuwa hivyo, na mimi sikuona sababu ya kuwa mvivu kuliko wao. Kila cha shaba hushushwa: masinia, birika, mrashi, chetezo. Njumu za mlango mkubwa husuguliwa pale pale mlangoni, na wapitao kichochoroni hupita kwa ubavu. Nikianza sisimami, wala sichagui. Kikiwa cha shaba, kinasuguliwa.

Basi juu ya rafu ya jikoni nikakuta kisahani kimejaa vibati kumi na viwili, kila kimoja kadiri ya biskuti, vyote vimeingia weusi, na kila kimoja kina tone jeupe katikati kama kilichonyewa na njiwa. Nilijua ni vya mjukuu wangu. Wazee wake wako Uroa, mama yake analima mwani, na yeye anakaa na mimi hapa mjini tangu alipoanza chuo kikuu Tunguu. Nikasema moyoni, maskini ya Mungu, masomo yamemzidi mtoto, hata nafasi ya kusafisha vyombo vyake hana. Nikamsafishia.

Namwita mke mwenzangu. Marehemu babu yake alikuwa akimwekea mnofu wa samaki na mimi ananiachia kichwa, sasa utamwita nani mtu kama huyo?

Alasiri akarudi, akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Bibi, vibati vyangu viko wapi?"

"Vile, karibu na birika. Vitazame vilivyotakata. Sema ahsante."

Alikaa juu ya kigoda changu, akashika kimoja, akakigeuza, akajiona uso wake ndani ya shaba, na uso aliouona haukuwa mzuri.

"Bibi, umekwangua utandu wote."

"Utandu gani? Ile kutu!"

"Ile kutu ndiyo kazi yangu, bibi. Ile kutu ndiyo yenye kukumbuka."

Mimi nimeshaishi. Nimesikia watu wanaozungumza na majini, nimesikia mtu aliyeolewa na kivuli, lakini kutu yenye kukumbuka sikuwahi kuisikia. Nilitaka kucheka. Nikamtazama vizuri, nikaacha.

Akanieleza jambo lenyewe polepole, bila ya kunipandishia sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Alhamisi ya baada ya Sikukuu alitakiwa asimame mbele ya walimu wake na vibati vinane. Siku moja kabla, vibati vile vipewe jambo la kukumbuka. Vichukuliwe mpaka Tunguu bila betri wala waya, mikono mitupu. Na pale mbele ya walimu viseme kile vilichopewa. Vikisema, amemaliza chuo. Visiposema, au visipokuwepo, atangoja mwaka mzima mpaka wenziwe wa nyuma wasimame, ndipo naye asimame nao. Miezi miwili alikuwa akiipika kutu ile kwenye tanuri la chuo, na chuo kilikuwa kimeshafungwa kwa Sikukuu. Tanuri liko ndani, mlango una kufuli.

"Miezi miwili," nikasema.

"Miwili, bibi."

"Na mimi nimeimaliza kwa ndimu tatu."

Hapo akacheka kidogo, machozi yakiwa machoni. Mimi si mtu wa kulia. Nikikosea, natafuta pa kushika nitengeneze. Nikamuuliza kutu hiyo inapikwaje.

"Kwa moto."

"Moto nimesikia. Moto wa namna gani?"

"Wa taratibu. Uwe sawa juu na chini, usiwe na moshi wala vumbi. Halafu upoe wenyewe, polepole. Ukipoa ghafla, utandu unapasuka na kubanduka."

Nikaweka ndimu chini.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "umekwenda mpaka Tunguu kutafuta moto wa juu na chini, na bibi yako anauza mkate wa kumimina tangu baba yako hajaota meno?"

Nani asiyejua mkate wangu wa kumimina? Watu wa Chukwani huupigia simu. Mkate ule huharibiwa na vitu viwili, haraka na moto wa upande mmoja. Ukiuwahisha chini unaungua, ukiuchelewesha juu unakuwa kama uji uliolala. Makaa huwekwa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko, na mkono wako ndio unaojua lini uyapunguze. Hakuna kitabu cha hayo. Nilisoma madarasa manne na nikahitimu chuo cha Kurani, basi, lakini moto wangu hauna mwalimu wa kuusahihisha.

Siku ya pili ya Sikukuu, watu wakiwa viwanjani na nguo mpya, sisi tulikuwa uani na seredani ya makaa. Nikaweka mchanga safi ndani ya sufuria yangu kongwe, juu ya mchanga kigae, juu ya kigae vile vibati kumi na viwili. Mjukuu wangu alikuwa amevisuuza kwa maji safi na kuvikausha bila kuvigusa kwa vidole. Akavitazama, akasema jambo ambalo nilimtaka alirudie.

"Nimesema, vimetakata kuliko nilivyokuwa nikivisafisha mimi. Havina hata chembe ya mafuta. Pengine utandu utashika vizuri zaidi."

"Sema kwa sauti, majirani wasikie."

"Bibi, weka makaa."

Nikapalia juu na chini, nikakaa na kipepeo changu cha kupepea makaa. Kusubiri ndiko kupika kwenyewe, kwa hivyo nikamwambia anieleze, na asinieleze kama anavyowaeleza walimu wake.

"Chini ni shaba," akasema. "Juu natia tone la fedha, rangi ya fedha hii ya kichupa. Katikati pana utandu, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utandu haupitishi umeme ila kwa taabu. Sasa nikitia umeme, nikausukuma kutoka upande wa fedha, fedha inaanza kuhama. Chembe moja moja. Inatoka kwenye tone, inapenya utandu, inafika chini kwenye shaba, inatulia. Inakuja nyengine, inakaa juu yake. Inakuja nyengine, juu ya hiyo."

"Kama watoto wanaopandana mabegani kuchungulia harusi dirishani."

"Hivyo hivyo. Wa juu kabisa akilishika tone, umepatikana uzi wa fedha, kutoka juu mpaka chini. Umeme unapita mbio."

"Na ukizima umeme, watoto wanaanguka?"

"Hawaanguki! Hapo ndipo penyewe, bibi. Uzi unabaki. Umeme unahitajika kuujenga na kuuvunja, lakini kukaa unakaa wenyewe. Kesho nikikiuliza kibati hiki kina uzi au hakina, kitanijibu, ndiyo kumbukumbu hiyo. Watu wanataka simu na kompyuta zikumbuke kwa njia hii."

"Na kuuvunja?"

"Nageuza nyaya, za juu chini na za chini juu. Uzi unapata joto, unayeyuka pale palipo pembamba, fedha inarudi ilikotoka. Kibati kimesahau."

"Uzi wote unayeyuka?"

"Aghalabu si wote. Hubaki kisiki. Ndiyo maana mara ya kwanza kibati huwa kigumu kukishawishi, mara ya pili ni rahisi."

"Kama wanaume," nikasema, naye akajifanya hakusikia.

Nikamuuliza kama ameuona huo uzi kwa macho yake. Akasema hajauona, uko ndani ya utandu, wenye mashine kubwa huko Ulaya ndio waliouona, yeye anaujua kwa mita ya kupimia umeme tu: palipo na uzi mita inalia, pasipo na uzi mita kimya. Nikaridhika. Mimi chumvi ndani ya mchuzi siioni na sijapata kubisha kwamba imo.

Wakati huo akaingia shoga yangu wa mlango wa pili, amejitanda, kibakuli cha halua mkononi. Mwanamke yule hajapata kuona kifuniko asikifunue. Kabla sijameza mate, amekwisha kukwangua makaa pembeni na kuinua.

"Funika!" nikapiga ukelele.

"Ee, makubwa! Sikukuu njema na wewe. Unapika nini kisichoonwa?"

"Kutu."

Akanitazama, akamtazama mjukuu wangu, akarudisha kifuniko kwa ncha za vidole.

"Kutu," akasema. "Haya. Mimi nilifikiri nyie mna njaa, kumbe mna akili nyingi."

Akaacha halua, akaenda zake, na kabla ya adhuhuri kichochoro kizima kilijua kwamba bibi wa mkate wa kumimina sasa anapika kutu na mjukuu wake msomi. Mwanamke mmoja alinipitia dirishani kuniuliza kama inatibu miguu.

Upepo ule wa kifuniko ulitugharimu vibati viwili. Utandu wake ulibanduka kama ukoko uliomwagiwa maji. Vilivyobaki nilivitazama kila baada ya muda kwa kuinua kifuniko unywele tu, na rangi nilizoziona sitazisahau. Shaba ilipita rangi ya chungwa, ikaingia zambarau, ikawa kama shingo ya njiwa, ikarudi dhahabu, kisha ikazama katika wekundu wa kahawa na mwisho weusi. Nikasema hapa. Nikaondoa makaa ya juu kwanza, nusu ya chini baadaye, nikaacha mchanga upoe wenyewe mpaka alasiri. Vibati kumi vilitoka vimevaa buibui, hakuna kilichochanika.

Mjukuu wangu akapiga tone la fedha juu ya kila kimoja, vikaachwa vikauke. Siku ya pili yake akaanza kuvijaribu mezani kwa betri. Nami nikaona mashaka mapya.

Kibati cha kwanza alikitia umeme, mita ikalia. Vigelegele nikapiga mimi. Akageuza nyaya ili kisahau. Mita ikaendelea kulia. Akageuza tena, akasukuma zaidi. Inalia. Cha pili hivyo hivyo: kilikubali kukumbuka, kikakataa kusahau.

"Kasoro iko wapi? Si kinakumbuka?"

"Kinakumbuka jambo moja tu milele, bibi. Hiyo si kumbukumbu, ni kinyongo. Uzi umekuwa mnene. Kule chuoni nina kidude kinachouzuia umeme usizidi uzi unaposhika. Hapa umeme umemiminika wote kwa pamoja, na fedha imejazana."

Nikachukua pembe ya kanga niliyovaa nikaipiga fundo, nikalivuta kwa nguvu zangu zote, nikampa.

"Fungua."

Akahangaika kwa kucha, akahangaika kwa meno.

"Umekaza mno."

"Eh. Sasa tazama." Nikapiga fundo jengine kwenye pembe nyengine, nikalivuta kiasi cha kushika tu. Hilo akalifungua kwa vidole viwili. "Kila nikitaka kukumbuka jambo napiga fundo la pili hilo. Nikipiga la kwanza nitakumbuka jambo la mwaka juzi mpaka kanga ichakae. Wewe huna kitu cha kuuvuta mkono wako nyuma?"

Alikuwa nacho, au tuseme alijua pa kukipata. Macho yake yalikwenda juu ya kabati, kwenye redio ya marehemu babu yake. Redio ile ilinyamaza zamani, lakini sijamruhusu mtu kuitupa. Akaniambia ndani yake mna vijidude vidogo vyenye mistari ya rangi, kazi yao ni kuupunguza umeme kasi, na anahitaji kimoja tu.

"Hata kikiwa kimoja, itakuwa imefunguliwa," nikasema.

"Sitaifungua kama hutaki."

Nikamwambia aifungue kabla sijabadili mawazo, na aniache nitoke nje. Niliporudi redio ilikuwa imefungwa vizuri, imefutwa vumbi, na mezani kibati cha tatu kilikuwa kimelia, kikanyamaza, kikalia tena, kikanyamaza tena, kama mtoto mwenye adabu. Mume wangu, nikasema moyoni, bado unamwekea mnofu.

Kwa hivyo tulibaki na vibati vinane hasa. Hakuna cha akiba.

Jumatano mchana, siku ya kuvipa jambo la kukumbuka, mjukuu wangu akaniambia nichague mimi, asije mwalimu akasema amepanga mwenyewe. Kila kibati kina mawili tu: kuwa na uzi au kutokuwa nao. Vibati vinane, nichague vipi viwe na uzi. Alikuwa na daftari mkononi.

"Daftari la nini?" nikamwambia. "Lete doti langu la kanga."

Maana hesabu yake nilikwisha kuiona. Doti ni kanga mbili, na kanga mbili zina pembe nane. Nikatandika kitandani ile ya kujifunga na ile ya kujitanda, kila moja jina lake likinielekea. Jina lenyewe sikutajii, lina mwenyewe na anakaa kichochoro hiki hiki. Nikaanza pembe ya juu kulia, nikazunguka. Kanga ya kwanza: fundo, fundo, tupu, fundo. Kanga ya pili: fundo, tupu, tupu, fundo. Kila nilipopiga fundo yeye akatia umeme kwenye kibati chake, na mita ikalia. Nilipoacha pembe tupu, akakiacha kibati kimya. Mafundo matano, nyuzi tano. Kisha akatoa betri, akavifunga vibati kwa pamba ndani ya kopo la biskuti, na daftari akaliacha jeupe kwa kunistahi. Hilo baadaye lilitaka kutuponza.

Alhamisi asubuhi nikavaa doti lile lile, mafundo yake yakining'inia kama ndizi changa. Shoga yangu aliyatazama, akasema, "Leo una mambo mengi ya kukumbuka," nikamwambia leo nina mambo ya chuo kikuu.

Tunguu walitupokea vizuri. Chumba kina baridi ya mashine, walimu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwalimu mwanamke, mkubwa wao, alinyanyuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kumsindikiza?"

"Nimekuja kuwa daftari."

Wakacheka. Mjukuu wangu akasimama, akasema maneno yake. Alisema vizuri, ingawa aliwaeleza kwa ule usemi wa kwao na harusi ya dirishani hakuitaja. Kisha akafungua kopo, akavipanga vibati mezani, akashika mita. Mimi nikasimama pembeni nikionyesha pembe moja baada ya moja.

Cha kwanza: mita ikalia. Fundo lipo. Cha pili, ikalia, fundo lipo. Cha tatu kimya, pembe tupu. Cha nne ikalia. Tukaingia kanga ya pili. Cha tano ikalia, fundo lipo. Cha sita kimya.

Nikainua pembe ya sita. Ina fundo.

Mwalimu mwanamme aliyekaa kulia, mwenye miwani, akaegemea mbele. "Hapo pana fundo, bibi."

"Naliona."

"Basi uzi umekatika njiani. Hutokea. Mara nyengine hauna nguvu ya kukaa, unayeyuka wenyewe." Hakusema kwa ubaya. Lakini alikuwa ameshashika kalamu.

Mjukuu wangu aligusa tena. Kimya. Akaniangalia, na mimi nikajua anachofikiri, maana ndicho nilichofikiri mimi: moto wangu. Pengine kibati kile kilikaa palipopungua makaa. Kwanza nimemsugulia, sasa nimempikia kibichi.

"Inawezekana, mwalimu," akasema. "Utandu wake huenda ni dhaifu."

Mwaka mzima ule, hapo, ulikuwa kwenye ncha ya kalamu. Mimi nilikuwa bado nimelishika fundo, nikalibana kwa kidole gumba bila ya kujua, kama mtu anavyobana embe. Ni gumu. Fundo la kanga haliwi gumu hivyo.

Jamani. Niliona aibu ikinipanda kutoka miguuni.

"Mwalimu, weka kalamu," nikasema. "Hilo fundo si la jana."

"Vipi si la jana?"

Nikalifungua kwa meno, mbele za watu, msomi na asiye msomi. Ukaanguka mezani ufunguo wa nyumba yangu.

"Kila nikitoka nafunga ufunguo pembe ya kanga. Tangu kuolewa. Mkono umefanya, mimi sikuwepo. Jana pembe hii ilikuwa tupu, na kibati kimesema tupu. Kibati kimekumbuka, aliyesahau ni mimi."

Yule wa miwani hakuwa mtu wa kuridhishwa upesi, na kwa hilo nilimpenda. "Tutajuaje, bibi, kwamba ufunguo haukuwamo tangu jana?"

"Mwanangu, usiku nimelala ndani na mlango nimeufunga kwa ufunguo huu. Asubuhi nimetoka nikaufunga kwa nje, kwa ufunguo huu, hauna pacha. Ungekuwa umo kwenye fundo tangu jana, ningefunga mlango kwa kanga?"

Mwalimu mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi. Yule mwanamme aliuokota ufunguo, akaugeuza, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Endelea," akamwambia mjukuu wangu.

Cha saba kimya, pembe tupu. Cha nane ikalia, na lile fundo la mwisho nililifungua kwanza, likatoka bila ya kitu ndani yake, ili asije mtu akaniuliza.

Sitaki kudanganya kwamba yote yalikwenda kama maji. Walimwambia avisahaulishe. Vinne katika vile vitano vilinyamaza vizuri. Cha kwanza kiligoma, kikalia na kulia, hata alipogeuza nyaya mara tatu. Wakaandika. Wakamwambia amepita, ila arudi aandike kurasa za kueleza kwa nini hicho kimoja kilikaza, maana hapo ndipo palipo na elimu. Akasema ndiyo, ataandika. Mlangoni alinikumbatia kwa nguvu hata kanga ikanivuka kichwani.

"Bibi, ulinitia roho mkononi."

"Na wewe ulisema moto wangu dhaifu, mbele za watu."

"Nilisema utandu."

"Utandu ni wa nani?"

Kurasa zake alishaziandika, na kile kibati kilichogoma akanipa mimi. Nimekiweka juu ya rafu, kati ya birika na mrashi. Sikukuu iliyofuata shoga yangu alikuja kunisaidia kusugua, akapanga vyombo vyote uani, akakiona, akashika ndimu akikamulie.

"Hicho weka," nikamwambia.

"Kimeingia weusi!"

"Kinafanya kazi."

Akakirudisha juu ya rafu kwa ncha za vidole, kama alivyorudisha kifuniko siku ile, akanawa mikono. Mimi nikachukua sinia la bibi yangu, nikaendelea kusugua.